Kumpunguza uzito mbwa au paka: anza na mizani ya jikoni

Jirani yangu ana mbwa na paka, wote wawili wamenenepa, na swali lake la kwanza lilikuwa: nimtembeze mbwa kilomita ngapi kwa siku? Karibu kila mtu huanzia hapo. Jibu langu halijabadilika: matembezi ni mazuri kwa misuli na kwa akili ya mnyama, lakini uzito hushuka kwenye bakuli. Nimeuandika utaratibu niliompa, kwa sababu najua atakuja mwingine kuuliza.

Hatua ya 1: Daktari wa mifugo

Mbwa mwenye tezi ya thairoidi iliyolegea (isiyotoa homoni za kutosha) au ugonjwa wa Cushing (mwili kuwa na homoni ya kotisoli kupita kiasi) anaweza kutuna hata asipokula kupita kiasi. Apimwe magonjwa hayo kwanza. Watoto wa wanyama wanaokua, wenye mimba na wanaonyonyesha hawapunguzwi chakula bila daktari kusema.

Hatua ya 2: Papasa mbavu

Usitegemee macho, manyoya huficha mengi. Pitisha kidole juu ya vifundo vya ngumi yako: mbavu zikiwa hivyo, mnyama amekonda. Nyoosha mkono, papasa mgongo wa kiganja: hapo uzito ni mzuri. Geuza kiganja, papasa chini ya vidole: ukihisi mbavu za mnyama wako hivyo, amenenepa. Mtazame pia kutoka juu, awe na kiuno. Ile ngozi inayoning'inia chini ya tumbo la paka isikutishe, hata paka mwembamba anayo.

Madaktari hutoa alama 1 hadi 9, na 5 ndiyo ya katikati. Kila alama juu ya 5 ni takriban 10% ya uzito wa ziada. Mbwa wa jirani alikuwa na kilo 24 na alama 7, yaani amezidi kwa 20%. Gawanya 24 kwa 1.2, unapata kilo 20. Paka alikuwa na kilo 5.2 na alama 8: gawanya kwa 1.3, unapata kilo 4.

Hatua ya 3: Kalori za siku

Tumia uzito unaoulenga, si ule alionao leo. Kwenye kikokotoo, zidisha uzito huo kwa wenyewe mara tatu (20 × 20 × 20), bonyeza kipeuo cha pili mara mbili, kisha zidisha kwa 70. Mbwa wa kilo 20 anapata kama 662. Kwa paka, jibu lizidishe tena kwa 0.8: paka wa kilo 4 anapata kama 158. Hicho ni kianzio tu, wanyama hutofautiana.

Hatua ya 4: Kugeuza kalori kuwa gramu

Hapa ndipo watu hukwama, na mimi pia hatua hii imenilia saa nyingi kuliko nyingine zote.

Kwanza, jedwali lililochapishwa kwenye mfuko liache. Limeandikwa kwa mnyama wa kawaida mwenye shughuli zake, na wengi hulisoma kwa uzito wa sasa, hivyo wanaendelea kuulisha unene uleule. Mnyama aliyehasiwa ndiye huumia zaidi, kwa kuwa mahitaji yake ya nishati hushuka huku hamu ya kula ikipanda.

Tafuta kwenye mfuko idadi ya kalori kwa kilo. Mifuko mingine huandika kcal, ambayo ndiyo kalori tunayoizungumzia hapa. Ikiwa ni kilojuli, gawanya kwa 4.184. Ikiwa hakuna kitu, usitupe mfuko, hesabu mwenyewe. Chukua kwenye mfuko asilimia za protini, mafuta, unyevu, majivu (yaani madini) na nyuzinyuzi. Zijumlishe, toa kwenye 100, kinachobaki ni wanga. Kisha protini × 3.5, mafuta × 8.5, wanga × 3.5, jumlisha: hizo ni kalori za gramu 100. Chakula chenye protini 28, mafuta 12, unyevu 10, majivu 7 na nyuzinyuzi 3 kina wanga 40, na jumla ni 340, yaani 3.4 kwa gramu. Unyevu usiposomeka kwenye chakula kikavu, weka 10. Chakula cha kopo kina maji mengi, kwa hiyo usihamishe gramu za kimoja kwenda kwa kingine.

Sasa gawanya kalori za siku kwa kalori za gramu moja, lakini kabla ya hapo tenga 10% kwa ajili ya vitafunwa. Kwa chakula hicho cha 3.4, mbwa wa jirani anabaki na kalori 596, sawa na gramu 175. Paka anabaki na 142, sawa na gramu 42. Kwa kiwango hicho kikombe ni adui: gramu 10 za ziada kwa paka ni karibu robo ya chakula chake cha siku, na kwa macho huzioni. Nunua mizani ya kidijitali inayosoma gramu moja moja. Vikombe vinavyotolewa pamoja na chakula mimi huvitumia kumwagilia maua.

Pima asubuhi chakula cha siku nzima, kiweke kwenye chombo kimoja chenye kifuniko. Yeyote nyumbani atakayemwonea huruma mnyama achote humo humo, na kikiisha kimeisha. Chombo hiki kimewaumbua wababu wengi. Wakiwa paka wawili, kila mmoja ale chumba chake, la sivyo mwenye ubabe atamaliza vyote. Kumbuka pia kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kalori kama 120, karibu mara mbili ya vitafunwa vya mbwa huyu kwa siku. Karoti ni afadhali. Vitunguu, zabibu na vitu vyenye zailitoli (kitamu kinachotumika badala ya sukari) ni sumu, usijaribu.

Ikiwa hesabu inakulazimu kukata sana chakula cha kawaida, hamia kile kilichotengenezwa kwa kupunguza uzito. Ukikata nusu ya chakula cha kawaida unakata nusu ya protini na vitamini vilevile.

Kuhusu macho ya kuombaomba: baadhi ya mbwa wa aina ya Labrador wana mabadiliko kwenye jeni iitwayo POMC yanayowafanya wawe na njaa zaidi, kwa hiyo kuomba si ushahidi kwamba unawanyima. Na utafiti uliochapishwa mwaka 2002 uliwafuata Labrador 48 maisha yao yote: waliopewa chakula pungufu kwa 25% waliishi karibu miaka 2 zaidi ya wenzao.

Hatua ya 5: Badilisha polepole

Siku 7 hadi 10, ukichanganya cha zamani na kipya.

Hatua ya 6: Pima kila wiki mbili

Mbwa apungue 1% hadi 2% kwa wiki, paka 0.5% hadi 1%. Kwa paka wetu hiyo ni gramu 26 hadi 52 kwa wiki. Mizani ya bafuni haiwezi kuona hilo, tumia ya kupimia watoto wachanga. Mbwa unaweza kumbeba ukapanda naye kwenye mizani ya bafuni, kisha ukatoa uzito wako.

Paka mnene akigoma kula kabisa kwa siku moja au mbili, acha mpango wote, mpe chochote anachokipenda na mpigie daktari. Mafuta hukimbilia kwenye ini lake, na hali hiyo huua. Usimfungie njaa ili azoee chakula kipya.

Wiki nne zikipita bila kitu kushuka, kagua kwanza nani anamlisha pembeni, ndipo upunguze chakula kwa 10%. Akifika uzito uliolenga, ongeza chakula kwa 10%, subiri wiki mbili, pima tena, na endelea hivyo mpaka uzito usimame.