SOMO: Kupata aina isiyo na alama kutoka yenye alama katika C++

Swali la jinsi ya kupata aina ya namba isiyo na alama (`unsigned`, isiyobeba hasi) kutoka yenye alama (`signed`) limeulizwa humu mpaka nimechoka. Nawawekea hatua zote. Mtu akiuliza tena namtumia linki tu.

1. Juu ya faili weka `#include <type_traits>`.

2. Tumia C++17. Zilizo nyuma yake zinaweza pia, ila kwa C++11 utaandika kirefu: `typename std::make_unsigned<T>::type`. `T` ni aina uliyo nayo.

3. Andika `using U = std::make_unsigned_t<T>;`. Ukitaka kurudi, `make_signed_t`.

4. Hapa ndipo wengi wanaanguka. Hatua ya 3 inabadili aina tu, wakati wa kukompaili. Thamani unaigeuza mwenyewe kwa `static_cast<U>(x)`, na ikiwa hasi hakuna atakayekuzuia. Tuseme stoo ya mahindi Kibaigwa: yameingia magunia 3, karani kaandika yametoka 5. `int` inakupa -2, unashtuka. Igeuze kuwa `unsigned int` ya biti 32 uone: magunia 4294967294, na bosi anasaini. Pima `x < 0` KWANZA. Halafu `bool` na `double` hazikubaliki kabisa, na `T` ikiwa rejea (reference), mfano `int&`, ivue kwa `std::remove_reference_t<T>`.

5. Funga kazi, kompaila ihakikishe `U` kweli haina alama: `static_assert(std::is_unsigned_v<U>);`

MASWALI

Mdau wa Nkuhungu: Mkuu imegoma, msaada wa haraka!

Mwandishi: Kompaila imesemaje? Mimi sipigi ramli.

Mdau wa Nkuhungu: T yangu ni bool.

Mwandishi: Hatua ya 4. Imeandikwa.

Binti Ihumwa: Shikamoo mwalimu. Na `char`? Naona kuna mashine ina alama, nyingine haina.

Mwandishi: Marahaba, umeuliza la maana. `char` ni aina ya peke yake, na alama yake inategemea mashine na kompaila. Ila `make_unsigned_t<char>` ni `unsigned char` popote pale, na `make_signed_t<char>` ni `signed char`. Hata `const` haipotei. Jaribu na `enum` pia: utapata aina isiyo na alama yenye ukubwa uleule.

Kijana wa Makole: Mimi nalinganisha tu `int` na `v.size()`, idadi ya vitu kwenye vekta, ambayo haina alama.

Mwandishi: Basi usigeuze chochote. C++20 ina `std::cmp_less` ndani ya `<utility>`. Ukiandika `-1 < v.size()` kienyeji, jibu ni `false`, maana -1 inageuzwa kwanza kuwa isiyo na alama.

Kijana wa Makole: Mbona kompaila yangu, g++, hainionyi?

Mwandishi: Umeweka `-Wall`, swichi ya kuwasha maonyo?

Kijana wa Makole: Hapana.

Mwandishi: Haya.

Binti Ihumwa: Nyongeza: `-Wsign-conversion`, inayoonya alama ikigeuzwa kimyakimya, haimo kwenye `-Wall`, iandikeni wenyewe. Yangu imetoa maonyo skrini nzima.