Kuchagua Silinda ya Kitasa Yenye Ukubwa Ufaao kwa Mazoezi

Mwezi uliopita kijana anayejifunza kazi kwangu aliagiza kwa simu silinda, yaani kile kipande cha kitasa kinachoingizwa ufunguo, "ya milimita 70", ili afanyie mazoezi ya kufungua kitasa bila ufunguo, na tulipoipachika tukapoteza alasiri nzima. Maelezo haya yanahusu silinda za umbo la Ulaya, zile zenye kichwa cha mviringo na mguu mwembamba chini yake, ambazo hupatikana sana kwenye milango ya alumini.

Hatua ya kwanza ni kupata silinda isiyofunga mlango wowote. Kuchokoa, yaani kufungua bila ufunguo, huchubua pini (vijiti vidogo vya ndani vinavyoinuliwa na ufunguo) na kuchosha springi, hivyo kitasa kinacholinda nyumba, hata kikiwa chako mwenyewe, si cha kujifunzia.

Hatua ya pili ni kupima, na hapa ndipo tulipokwama. Kimo na unene havina tabu: silinda ya umbo hili ina kimo cha milimita 33, kichwa chenye kipenyo cha 17 na mguu wenye unene wa 10. Kinachobadilika ni urefu, nao hautajwi kwa tarakimu moja. Tafuta tundu la skrubu lililo chini ya ulimi unaozunguka. Kutoka katikati ya tundu hilo pima hadi ncha ya upande mmoja, kisha rudi katikati upime hadi ncha ya pili. Ukipata 35 na 35, silinda ni 35/35; ukipata 30 na 40, ni 30/40, ijapokuwa zote mbili zina jumla ya milimita 70. Ya kijana wetu ilikuwa 30/40, ilhali kipande cha mlango tulichokifunga mezani kilihitaji 35/35. Upande mmoja ulitokeza milimita 5, na upande wa pili, ambao ndio aliokuwa akiuchokoa, ukazama milimita 5 ndani ya bamba, hata kile chuma bapa cha kukazia, kinachosukuma silinda izunguke wakati wa kuchokoa, kikakosa mahali pa kushika. Tulilaumu chuma, tukalaumu mikono yake, kabla ya kukumbuka kupima.

Usipime kutoka ukingo wa tundu, kwa sababu skrubu yake ina kipenyo cha milimita 5 na saizi nazo hupishana kwa milimita 5, hivyo kosa la nusu ya tundu hukuacha katikati ya saizi mbili bila kujua ni ipi. Silinda yenye kirungu cha kugeuza kwa vidole hupimwa hadi mwisho wa mwili wake, si wa kirungu. Mimi hutumia kalipa. Futi ya seremala, ambayo ndoano yake ya mwanzoni huchezacheza, siiamini kwa kazi hii.

Hatua ya tatu ni kuchagua. Wengi hudhani kwamba silinda ndefu ni ngumu zaidi, lakini ufunguo mmoja waweza kutumika kwenye silinda za urefu tofauti za aina ileile, kwa kuwa pini hupangwa karibu na uso na urefu unaoongezeka huwa ni chuma tu. Ugumu utafute kwenye ufunguo: hesabu mabonde yake, kwani kila bonde ni pini moja. Kwa anayeanza napendekeza nusu silinda, yaani yenye tundu la ufunguo upande mmoja tu, ya 30/10, yenye pini tano na njia pana ya ufunguo, kwa sababu inashikika vizuri kwenye jiriwa na haihitaji mlango. Ufunguo bapa wenye vishimo ubavuni uuache kwa sasa.

Unapoifunga kwenye jiriwa, zungushia mguu kipande cha ngozi na ukaze kiasi cha kuizuia isicheze tu, kwa kuwa springi na pini zinazosukumwa nazo zimo ndani ya mguu huo. Kisha ingiza ufunguo wake na uuzungushe. Ukiwa mzito, legeza jiriwa mpaka uzunguke kama ulivyozunguka silinda ikiwa mkononi.