Kabla ya Kupangua Maktaba Inayoita Git: Mambo ya Kuzingatia

Maktaba inayoita git, programu ya kutunza historia ya msimbo, huonekana nyepesi. Inapokea ombi, inaendesha `git status` au `git log`, inasoma kilichotoka na kurudisha jibu. Tatizo ni kwamba nusu ya tabia zake haimo kwenye msimbo wako: imo kwenye git iliyosakinishwa, kwenye mipangilio ya mtumiaji, na kwenye mazingira programu ilimoitwa. Hayo yadhibiti kwanza. Ukianza kupangua, yaani kupanga upya msimbo na kuhamisha funksheni, kabla ya hapo, jaribio likifeli hutajua kilichovunjika ni nini.

Toleo la git: taja la chini kabisa unalolikubali, na majaribio yapite kwenye hilo na kwenye la karibuni. `git init -b` haikuwepo kabla ya 2.28, na `GIT_CONFIG_GLOBAL` haikuwepo kabla ya 2.32.

Miito yote ya git ipitie mlango mmoja. Funksheni moja tu ndiyo ianzishe mchakato, ipokee orodha ya hoja badala ya mstari mmoja wa kupitishwa kwenye sheli, na irudishe namba ya kutoka (exit code, inayoonyesha amri iliishaje) pamoja na baiti za stdout (matokeo ya kawaida) na stderr (ujumbe wa makosa). Mikondo hiyo miwili isomwe kwa pamoja. Kwenye Linux, kwa kawaida bomba moja (pipe, njia inayopitisha mkondo kati ya programu mbili) hubeba KiB 64. Ukingoja stdout iishe wakati stderr imejaa, git itakusubiri wewe nawe utaisubiri git, na programu itaganda bila kutoa kosa lolote.

Namba ya kutoka 1 si kosa kila mara. Kwa `git merge-base --is-ancestor` maana yake ni "hapana". Kwa `git diff --exit-code` maana yake ni kwamba tofauti zipo. Kosa la kusimamisha kazi kwa kawaida hutoka na 128.

Usichambue maandishi yaliyoandikwa kwa ajili ya macho ya binadamu. Tumia `git status --porcelain=v2 -z`, inayotoa matokeo yaliyopangwa kwa ajili ya programu, na uweke `LC_ALL=C` ili ujumbe usifuate lugha ya mtumiaji. Bila `-z`, jina la faili lenye é litakujia kama `\303\251` ndani ya alama za nukuu.

Sasa hili usiliruke: vigeu vya mazingira. Git inapoendesha skripti zilizomo `.git/hooks` (ziitwazo hook, zinazojiendesha tukio fulani likitokea), huzirithisha vigeu kama `GIT_DIR` (njia ya folda ya `.git`) na `GIT_INDEX_FILE`. Timu nyingi huendesha majaribio ndani ya hook za pre-commit (kabla ya kuweka komiti, yaani rekodi ya mabadiliko) au pre-push (kabla ya kuzituma kwenye seva). Jaribio linatengeneza folda ya muda, linaingia humo, linaita `git init`. Lakini `GIT_DIR` ikiwa imewekwa, na hasa kama mradi uko kwenye worktree ya pembeni (folda ya pili ya kazi ya mradi uleule) ambako njia yake huwa kamili, git haiangalii uko folda gani. Inafuata `GIT_DIR`. Basi `git config user.email` ya jaribio inaandikwa kwenye mipangilio ya mradi halisi. Tena, kwa kuwa `GIT_WORK_TREE` haikutajwa, folda ya muda ndiyo inayohesabiwa kuwa mahali pa kazi, kwa hiyo `git add -A` inaona faili zote za mradi zimefutwa. Komiti ya jaribio inaingia kwenye tawi halisi ikiwa na faili moja tu, na majaribio yanaweza kupita yote.

Likitokea, usikimbilie `git reset --hard`. Itafuta mabadiliko ambayo bado hayajawekwa kwenye komiti. Faili ziko salama kwenye diski, ila `git status` itazionyesha kama zisizofuatiliwa. Tafuta komiti ya kabla kwenye `git reflog` (daftari la komiti ulizopitia), uite `git reset` na namba yake bila `--hard`, kisha usafishe mipangilio iliyochafuliwa.

Kinga yake: `git rev-parse --local-env-vars` hutoa orodha ya vigeu vyote vya kuondoa. Viondoe kabla ya jaribio la kwanza. Kisha, ukishatengeneza ripo (hazina ya git) ya muda, uliza `git rev-parse --absolute-git-dir`. Jibu lisipokuwa ndani ya folda ya muda, simamisha majaribio yote. Kwenye macOS tatua viungo vya njia (symlink) kwanza, kwa sababu `/tmp` ni `/private/tmp`. Ongeza pia jaribio linaloelekeza `GIT_DIR` kwenye ripo ya chambo na kuhakikisha HEAD yake (alama ya komiti ya sasa) haijasogea. Kwenye maktaba yenyewe, kanuni inayofaa ni hii: mwitaji akitaja njia, ondoa vigeu, asipotaja, viache, maana huenda anafanya kazi ndani ya hook kwa makusudi.

Yaliyobaki ni mafupi. Weka `GIT_CONFIG_NOSYSTEM=1` na `GIT_CONFIG_GLOBAL=/dev/null`, zinazozima mipangilio ya mfumo na ya mtumiaji, ili saini za GPG (saini za kidijitali) za mtu zisiingie kwenye majaribio. Weka jina, barua pepe na tarehe za mwandishi na za mweka komiti, la sivyo heshi (namba za utambulisho za komiti) zitabadilika kila mara. `GIT_TERMINAL_PROMPT=0`, ili seva isikae ikingoja nenosiri. Weka `gc.auto=0`, ili usafishaji wa git unaojiendesha wenyewe nyuma ya pazia usigombanie folda unayoifuta. Jina la tawi linaloletwa na mtumiaji litangulizwe na `--end-of-options` pale amri inapoikubali, na njia za faili zitanguliwe na `--`. Jina linaloanza na kistari huweza kusomwa kama chaguo la amri. Na kwenye Windows kumbuka kwamba faili za `.git/objects` ni za kusoma tu, hivyo kuzifuta hugoma mpaka ubadilishe ruhusa.