Simu ina kilema na hela ya fundi haipo saivi: jinsi ya kuishi nayo hatua kwa hatua

Wadau, huu mwongozo ni kwa ajili ya mtu ambae simu yake inawaka na inapiga vizuri tu, ila kuna kitu kimoja kinamsumbua kila siku, mara chaji haiingii mpaka uikunje waya, mara kioo kinazima ukiwa unaongea, mara tachi imekufa upande mmoja. Mi ni fundi, kazi zangu ni hizi hizi Kariakoo kila siku, na naumia nikiona mtu anatupa simu au anakopa hela ya kioo wakati kilema cha simu yake kina njia ya kupita pembeni. Ukishajua tatizo limekaa wapi, mara nyingi kuna namna.

Hatua ya 1: Okoa vilivyomo kabla hujagusa kitu

Hii usiiruke. Simu yenye tatizo dogo leo inaweza ikagoma kabisa kesho asubuhi. Anza na namba, watu wengi wana namba zingine kwenye laini zingine kwenye simu na hawajui zipi ziko wapi, fungua Contacts, ingia setingi zake, hamishia zote kwenye akaunti ya Google. Halafu, na hapa ndo wengi wanaumia, hakikisha paswedi ya hiyo akaunti unaijua leo, sio uliyowekewa na kijana wa dukani siku unanunua simu. Simu ya Android ukiiriset kwa nguvu ikiwaka inakuomba akaunti ya mwanzo, huna paswedi basi simu yako mwenyewe inakukataa.

WhatsApp piga bakapu. Kama inagoma angalia nafasi ya Google, zile GB 15 za bure ni za Gmail, Drive na picha kwa pamoja, na tangu 2024 bakapu ya WhatsApp ya Android nayo inahesabiwa humohumo, kwahiyo toa video kwenye bakapu iende meseji na picha tu. Kitu kingine kizuri, tangu 2023 unaweza ukaunganisha WhatsApp yako kwenye simu nyingine kupitia Linked devices, simu yako ikizima ile nyingine inaendelea kupokea meseji mpaka kama siku 14 hivi. Ya mke, ya mdogo wako, yoyote unayoiamini, iunganishe mapema maana kioo kikishakufa hutaweza kuskani ile kodi ya kuunganishia.

Hela ya kwenye simu usiipanikie. M-Pesa au Airtel Money ipo kwenye laini, chomoa laini weka kwenye kitochi, piga *150*00# au *150*60# na maisha yanaendelea.

Hatua ya 2: Jua kama ni programu au ni kifaa

Zima simu uiwashe. Najua ushasikia mara mia ila kuna watu simu zao hazijazimwa tangu mwaka jana. Ikiendelea, iwashe kwenye seifu modi: kwenye simu nyingi unabonyeza pawa, yakija maneno ya kuzima unakandamiza hapo kwenye neno la kuzima mpaka ikuulize. Seifu modi inazima programu zote ulizopakua mwenyewe. Tatizo likipotea humo, mfano matangazo yanayoruka ruka au simu kuhangi, basi mchawi ni programu, futa zile za mwisho mwisho ulizoingiza mpaka itulie. Tatizo likibaki hata kwenye seifu modi, kuna uwezekano mkubwa ni kifaa, songa mbele.

Kuna kodi za kupimia, Samsung nyingi piga *#0*#, Xiaomi *#*#6484#*#*, utaona vipimo vya kioo, spika, sensa, bonyeza kimoja kimoja.

Hatua ya 3: Chaji inayoingia kwa kubembelezwa

Mtu anakuja dukani anasema "fundi nibadilishie sistimu chaji" na simu haina shida yoyote ya sistimu. Kwahiyo fanya hivi kwa mpangilio:

Badilisha waya kwanza. Chukua waya na kichwa cha mtu ambae simu yake inachaji vizuri, jaribu. Ikikubali umemaliza.

Ikikataa, angalia jinsi waya unavyoingia. Kichwa cha Type C kikizama sawasawa hubaki bati kidogo sana au hulioni kabisa, na unasikia kamlio kadogo ka kukaa. Kama kinabaki nje kama milimita moja na simu ukiiinua waya unadondoka wenyewe, humo ndani kuna vumbi la mfukoni. Yaani nyuzi nyuzi za suruali kila siku zinaingia, na kila ukichomeka waya unazishindilia kwenye ukuta wa mwisho.

Zima simu. Chukua kijiti cha meno cha mbao, usitumie sindano wala pini, chuma kikigusa vile vidude vya dhahabu utapiga shoti au utavikunja. Kichonge kiwe chembamba kama bado ni kinene, washa tochi ya simu nyingine, uone katikati kuna ulimi mwembamba, huo usiuguse kwa nguvu maana ukivunjika hapo kweli utabadilisha. Pitisha kijiti juu ya ulimi ukikwangua ukuta wa ndani, vuta kuja nje, halafu chini ya ulimi hivyohivyo. Mara ya kwanza hakitoki kitu, mara ya tatu ya nne kinatoka kipande cha kijivu kimeshikana kama kitambaa kabisa, na watu huwa hawaamini kimetoka kwao. Usipulize kwa mdomo, mate yanaingia, piga tu simu kiganjani taratibu mdomo wake ukiwa chini. Chomeka waya, sikia kama umekaa.

Kama ni safi na bado inasumbua, geuza kichwa cha Type C upande wa pili. Hizo zina miguu juu na chini, upande mmoja ukila kutu wa pili unaweza ukapeleka chaji miezi na miezi. Na kama simu yako ina chaji ya kuweka juu bila waya, mfano iPhone kuanzia 8, tumia hiyo na tundu liache lipumzike. Ila ukiona tundu lina weusi wa kuungua au linanuka, acha, ntaelezea mwisho.

Hatua ya 4: Inazima ikiwa na asilimia 30

Hapa betri imezeeka. Inaandika 30 na kweli chaji ipo, ila ukiomba umeme mwingi kwa ghafla, mfano kamera na fleshi, betri kuukuu inashindwa kuutoa, nguvu inashuka chini ya kiwango, simu inajizima kujilinda. Ndo jambo lile lile Apple walikiri mwisho wa 2017, kwamba walikuwa wanapunguza spidi ya iPhone zenye betri zilizochoka ili zisizime hovyo.

Kwahiyo na wewe ipunguzie mzigo. Weka hali ya kubana betri iwake ikifika 40, usisubiri 15. Chini ya hapo usipige picha za fleshi, punguza mwanga wa kioo, na ukiwa sehemu network inasumbua zima data au weka hali ya ndege kama huna simu unayosubiri, maana simu inayotafuta mnara wa mbali inakula chaji sana na inapata moto, na moto ndo unamaliza betri kuliko kitu chochote. Usichaji chini ya mto, usiiache kwenye dashibodi ya gari juani. Kujaza mpaka 80 tu badala ya mia kunaisogeza betri mbele, sema betri ikishachoka hairudi, hapo unanunua muda tu.

Hatua ya 5: Batani ya pawa imekufa

Ingia setingi, sehemu ya Accessibility, washa Accessibility Menu, kinakuja kibatani kwenye kioo ambacho ndani kina kufunga kioo, kuzima, sauti, na skrinshoti. iPhone inaitwa AssistiveTouch, ipo Accessibility halafu Touch. Kuamsha kioo washa kugonga mara mbili kama simu yako inayo, au tumia alama ya kidole ile ya nyuma.

Shida inakuja simu ikiisha chaji kabisa. iPhone ukiichomeka itawaka yenyewe, Android nyingi zitakuonyesha picha ya betri tu na batani huna. Tecno, Infinix na Xiaomi nyingi zina sehemu ya kupanga saa ya kuzima na kuwaka, weka iwake kila siku saa 12 asubuhi, iwe ndo kinga yako.

Hatua ya 6: Tachi imekufa sehemu, au inajibonyeza yenyewe

Hapa tukae kidogo maana ndo kilema kinachokula hela za watu kuliko vyote.

Pima kwanza ujue pamekufa wapi. Ingia setingi, About phone, gonga Build number mara saba, utafunguliwa Developer options, humo washa Pointer location. Sasa kila unapopitisha kidole mstari unachoreka, pitisha taratibu kuanzia juu mpaka chini kila sentimita. Mstari unapokatika ndo pamekufa. Ukiona mistari inatokea bila we kugusa, toa protekta na kava, futa kioo kikavu, chomoa chaji. Chaja feki inafanya tachi iruke ruka, kama inatulia ukichomoa tatizo ni chaja.

Pakiwa pamekufa ukanda mmoja tu, zungusha kioo kilale, kitu kilichokuwa kwenye ukanda mbovu kinahamia kwenye uzima. Kibodi ya Gboard, ile ya Google, ina sehemu ya kuelea, unaivuta unaipandisha juu, na ina ya mkono mmoja inayosogea kushoto au kulia. Kama pamekufa juu kabisa huwezi kuvuta notifikesheni, ile Accessibility Menu ya hatua ya 5 ina batani yake.

Tachi ikifa yote ila picha inaonekana, tafuta mausi. Mausi ya kawaida ya kompyuta, ya waya. Nunua kile kidude cha OTG, ni bei ndogo na mafundi wengi wanacho, upande mmoja unaingia kwenye simu upande mwingine unaingia USB. Chomeka, subiri kidogo, mshale unatokea kwenye kioo, unabonyeza kila kitu kama uko kwenye kompyuta, unaweka paswedi, unahamisha picha. Simu kama OPPO lazima uiwashe OTG kwanza kwenye setingi, na usipoitumia kama dakika kumi inajizima, kwahiyo ukiwa na OPPO yenye tachi inayoanza kuleta shida, nenda ukaangalie ilipo leo wakati bado unabonyeza. Na kumbuka mausi imeziba tundu la chaji, jaza chaji kabla, au tumia mausi ya bluututhi baada ya kuiunganisha.

Hatua ya 7: Kwenye kupiga

Kioo kinakuwa cheusi ukiongea na hakirudi? Sensa iliyo karibu na spika ya sikioni, ile inayozima kioo ukiweka simu sikioni, imezibwa, mara nyingi ni protekta ambayo sio ya simu hiyo. Toa, futa, jaribu. Kama sensa yenyewe imekufa, kwenye Accessibility kuna chaguo la kukata simu kwa batani ya pawa, liwashe, na ongea kwa iafoni.

Usiposikika, rekodi sauti halafu rekodi video fupi, usikilize zote. Simu nyingi zina maiki mbili, ya chini na ya juu. Video ikisikika vizuri na rekodi ya sauti ikawa mbovu, maiki ya chini imeziba au imekufa, piga kwa laudispika, mara nyingi simu itatumia ya juu. Katundu ka maiki usikachome na sindano, mswaki laini mkavu unatosha.

Hatua ya 8: Nafasi imejaa

WhatsApp, Storage and data, Manage storage, anza na vile vilivyozidi MB 5 na vilivyotumwa tumwa. Ukifuta picha na nafasi haiongezeki, ziko kwenye kapu la taka la galari, zinakaa humo siku 30 au zaidi, ingia ufute na humo. Zima pia kupakua video zenyewe, na bando litakaa.

Vilema ambavyo usiishi navyo

Betri iliyovimba. Ukiona mgongo wa simu umeachia, kioo kimenyanyuka pembeni, au simu ukiiweka mezani inazunguka, hapo hakuna ujanja. Mwaka 2016 Samsung waliita Galaxy Note 7 zote duniani zirudishwe kwa sababu ya betri kuwaka moto, na hizo zilikuwa simu mpya. Naona watu wanatoboa betri na sindano kutoa gesi halafu wanaendelea, tafadhali sana usifanye, ikitobolewa ndani zile kuta zinagusana na inawaka mkononi. Hivyo hivyo tundu la chaji lililoungua, na simu iliyoingia maji ya bahari, hii usiichaji kabisa na usiiweke kwenye mchele, chumvi inaendelea kula bodi humo ndani hata ikionekana kavu, inatakiwa ifunguliwe isafishwe mapema.

Kwa hizo tatu, zima simu, toa laini weka kitochi, simu iweke sakafuni kwenye simenti mbali na kitanda na mapazia, usiichomeke tena mpaka fundi aifungue.