Namna ya kujizowesha kutafuta rai inayokupinga

Pale barzani, khasa Jaws Corner ya Mji Mkongwe, Zanzibar, kahawa ikishamiminwa, anaenyanyua sauti kabla mwenzake hajamaliza watu humwita anajiamini. Mie naona huyo ana khofu. Mwaka 2004 watafiti wawili wa Marekani, Dolores Albarracín na Amy Mitchell, walionesha kuwa watu wenye yakini kwamba wataweza kuitetea rai yao ndo wanaokua tayari zaidi kusoma hoja za upande wa pili, na wakishazisoma hao hao ndo wepesi zaidi kubadilika! Kwahiyo ukitaka kusikiliza, jenga kujiamini kwanza.

Anza na jambo unalolijua kwa mikono yako, siasa iache kwanza. Tuseme mwani. Umelima Paje au Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, miaka, kila bamvua maji yakitoka sana umo baharini, kufunga mbegu huhitaji kufundishwa na mtu, na unaamini mwani mnene, ile aina yenye bei kubwa, unakufa kwa sababu mbegu mbovu tu. Mtafute anaesema ni joto la maji, na umtafute yule anaejua khasa, usiende kwa dhaifu ili umshinde ukarudi nyumbani umefurahi.

Kabla hujaenda, andika kwenye simu yako kitu gani ukikiona utabadilika. Hapa ndo pakubwa na wengi wanaparuka. Andika mfano "nikiona mbegu ile ile inakufa kwenye maji madogo na inapona kwenye kina kirefu, nakubali", maana bila ya hivyo kila utakachooneshwa utakitafutia kasoro. Na kweli mwani mnene hauhimili maji yakipata moto, ndo maana wengi wamehamia aina ya mwembamba japo bei yake ndogo, na wapo wanaojaribu kulima kina kirefu, sasa mtu anaeogopa kuuliza ataendelea kubadilisha mbegu kila msimu na hasara yake ile ile.

Kuuliza nako, muulize faragha au kwa voisi, mbele ya watu kila mtu analinda heshima yake. Mwambie "Bi mkubwa, hebu nambie ulijuaje?" kisha nyamaza, muache amalize.

Ukiona moyo unakwenda mbio na unatafuta jibu huku yeye bado anazungumza, muage kwa vizuri, urudi kesho.