Namna ya Kuzisikiliza Santuri za Mwanzo za Siti binti Saad

Hapa Unguja jina la Siti binti Saad halihitaji kutambulishwa. Shaaban Robert alimwandikia wasifu, walimu humtaja darasani, na kila panapozungumzwa taarabu ya Kiswahili yeye hutangulizwa kabla ya wote. Hata hivyo, ukimwomba mmoja wa wanaomsifu akutajie wimbo aliousikia kwa sauti ya Siti mwenyewe, mara nyingi atakutajia ule alioupokea kwa Bi Kidude au kwa kikundi cha siku hizi. Tunamheshimu sana na kumsikiliza kidogo, na kwa maoni yangu heshima ya namna hiyo ni njia nyingine ya kumpuuza msanii. Maelezo haya yamekusudiwa kwa anayetaka kuziendea santuri zenyewe, zile alizoanza kuzirekodi Bombay mwaka 1928, na kuzisikiliza kama muziki badala ya kuzistahi kama ukumbusho.

Jambo la kwanza la kuliweka akilini ni umri wake. Siti alizaliwa Fumba yapata mwaka 1880, akakulia katika kazi ya kufinyanga na kuuza vyungu, akaingia mjini karibu na mwaka 1911, na huko akafundishwa kuimba na Muhsin Ali. Kwa hiyo, alipopanda meli kwenda India pamoja na wenzake, Subeit Ambar, Budda Swedi, Mbaruk Talsam na Maalim Shaaban, alikuwa anakaribia miaka hamsini. Tunaziita rekodi za mwanzo kwa kuwa ndizo za mwanzo zilizomhifadhi, lakini anayeimba ndani yake ni mtu mzima aliyekwisha kukesha miaka mingi katika majumba ya Mji Mkongwe na mitaa ya Ng'ambo. Msikilizaji anayetafuta ulaini wa sauti ya msichana atatoka mikono mitupu. Anayetafuta sauti iliyopigwa msasa na kazi, inayojua mahali pa kukaza na mahali pa kulegeza, ataipata katika mshororo wa kwanza.

Kabla ya kusikiliza, hakikisha kwamba unachokisikiliza ni chake. Katika intaneti nyimbo zake hupatikana chini ya maandishi mbalimbali ya jina, kama vile Siti bint Saad na Siti binti Saadi, hivyo inafaa kutafuta kwa namna zote. Kwa bahati mbaya, chini ya jina hilohilo huwekwa pia nyimbo za watu wengine. Kuna alama kadhaa za kupambanua. Kundi lililokwenda Bombay lilikuwa dogo, likitegemea udi, fidla na ngoma za mkono, kwa hiyo ukisikia kodiani, gitaa la besi au safu nzima ya fidla zikipiga kwa pamoja, huyo si Siti wa 1928. Alama ya pili ni urefu: upande mmoja wa santuri ya inchi 10 inayozunguka mara 78 kwa dakika huchukua dakika tatu na kitu, basi wimbo unaokwenda dakika saba pasipo kukatika popote ni wa kutiliwa shaka. Sauti ya mwanamume nayo isikufanye ukatae haraka, kwani wenzake walikuwa waimbaji pia, na waliimba katika safari zilezile.

Mwendo wa santuri ni jambo linalodharauliwa na wengi wanaohamisha sauti za zamani kwenda kwenye kompyuta, ilhali linaweza kuharibu kila kitu. Mwendo ukizidi kwa karibu asilimia 6 sauti hupanda nusu toni nzima, na mwanamke wa makamo hugeuka kuwa mtoto anayelia puani. Bila shaka sehemu ya sifa mbaya ya kwamba nyimbo hizi ni za kelele imetokana na kosa hili. Ukisikia nyuzi nene za udi zimekuwa nyembamba, na maneno yanakimbizana hata huoni nafasi ya kuvuta pumzi, tafuta nakala nyingine, au tumia programu ya simu inayopunguza mwendo pamoja na kimo cha sauti, ushuke kidogo kidogo mpaka usikie mtu anayepumua.

Ule mchakacho unaosikika nyuma ya muziki usikushughulishe kupita kiasi. Santuri zile zilitengenezwa kwa lakiri, yaani utomvu wa wadudu unaopatikana India, uliochanganywa na unga wa mawe, na sindano za chuma za gramafoni zilizila taratibu kila zilipopigwa. Nakala zilizosafishwa mno huwa tulivu, lakini pamoja na mchakacho huondoka pia ncha za herufi kama "s" na "sh", na fidla hupoteza ukali wake. Mimi huchagua nakala yenye mchakacho na maneno yaliyo wazi. Aidha, usiongeze besi katika simu yako, kwa sababu vyombo vya kurekodia vya wakati ule vilinasa sauti nzito kwa uhaba, na ukiongeza besi utaongeza mvumo tu. Sikiliza kwa sauti ya kadiri, chumbani kulikotulia, na usiogope kutumia spika moja, kwani rekodi hizi ziliingizwa kwa njia moja tu ya sauti.

Mara ya kwanza sikiliza bila kuhangaikia maneno. Fuata fidla. Vyombo havipigi kitu kimoja na sauti ikaimba kingine. Vyote huitembea lahani ileile, yaani tuni ya wimbo, kila kimoja na madoido yake, fidla ikimwandama mwimbaji kwa hatua moja nyuma na kumaliza kile alichokiacha. Siti alipomaliza kipande cha mshororo na kuvuta pumzi, vyombo hujaza pengo, na hapo ndipo utakapoona jinsi kundi lile lilivyozoeana. Kisha rudia wimbo uleule na umfuate yeye. Sikiliza irabu za mwisho wa kipande, namna anavyoirefusha moja, akaitikisa, akaiteremsha kwa vidaraja vidogo ambavyo piano haiwezi kuvipiga. Aliyelelewa katika kisomo cha Kurani na kasida za maulidi atayatambua mara moja malezi ya koo lile, kwani matamshi ya herufi zinazotoka kooni yamenyooka, na pumzi imegawanywa kwa hesabu ya msomaji aliyefundishwa.

Yumkini msikilizaji wa leo, aliyezoea wimbo wenye kupanda na kushuka, ataona kwamba kila ubeti unafanana na uliotangulia. Hapa panahitaji subira na maarifa kidogo ya utungo. Wimbo wa taarabu kwa kawaida hujengwa kwa beti za mishororo mitatu, kila mshororo una vipande viwili, na vina hukaa katikati na mwishoni. Lahani hurudi kwa makusudi ili sikio likishaizoea lihamie kwenye maneno, ambako ndiko shairi linakofanya kazi yake. Chukua karatasi uandike unachokisikia, kipande kimoja kwa mstari, ukiacha nafasi tupu pale unaposhindwa. Vina vitakusaidia kuziba nafasi nyingi, kwa sababu ukijua kwamba vipande vyote vya mwisho vinamalizikia kwa silabi moja, maneno yanayowezekana hubaki machache. Hesabu ya mizani nayo husaidia, na mara nyingi huonyesha kwamba neno ulilolidhania ni moja lilikuwa mawili.

Kumbuka vilevile kwamba umepewa wimbo uliopunguzwa. Katika hafla ya usiku wimbo mmoja ungeweza kurefushwa kadiri hadhira ilivyotaka. Mshororo uliopendeza ulirudiwa, watu waliinuka kumtunza mwimbaji, na mtu aliyejihisi kusemwa alijulikana kwa namna alivyokaa. Mbele ya kipazasauti cha Bombay hakukuwa na hayo, na dakika tatu zilipokaribia kwisha ilibidi wamalize. Baadhi ya nyimbo ziligawanywa katika pande mbili za santuri, hivyo ukiona wimbo umekatika kama vile mtu aliyefungiwa mlango akiwa anazungumza, tafuta upande wa pili kabla ya kuhukumu.

Wimbo wa kuanzia, kwa mawazo yangu, ni "Kijiti". Unahusu tukio la kweli: mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam alichukuliwa na mtu aliyeitwa kwa jina hilo kwenda kustarehe, akarudishwa maiti. Mtuhumiwa alikimbilia Bara, na wanawake waliojitokeza kutoa ushahidi wakajikuta wao ndio wanaotiwa hatiani kwa sababu ya pombe iliyokuwapo siku hiyo. Waliousikia wimbo huu wakati wake hawakuhitaji kusimuliwa kisa, kwa kuwa mji mzima ulikijua. Walichokihitaji ni mtu wa kukitamka hadharani. Kwa hiyo usitarajie masimulizi ya mwanzo, kati na mwisho. Siti anawaita watu watazame, anataja majina, anamwelekea hakimu, kisha anarudi kwa marehemu, na katika yote hayo hapandishi sauti kwa hasira. Lahani inakwenda kwa utaratibu uleule uliotumika kwa nyimbo za mapenzi. Mimi naona utulivu huo ndio unaotisha, na ndio hoja kubwa ya kumsikiliza badala ya kumsoma, kwani maneno yakiwekwa karatasini peke yake hufanana na taarifa ya mashtaka, lakini yakiimbwa hivi huwa ni maombolezo na mashtaka kwa pamoja.

Baada ya hapo endelea na zile za kujibizana. Inafahamika kwamba waliomhusudu walimtungia wimbo wa kumkejeli asili yake ya shamba na nguo zake za kaniki, wakisema kwamba lau si sauti angekosa cha kula, naye akajibu kwa wimbo wa kwamba uzuri wa sura si hoja. Sikiliza jibu lile bila haraka. Hakana kwamba alitoka shamba wala hajisifii umbo. Anahamisha kipimo tu, na anafanya hivyo kwa sauti ileile waliyokiri wenyewe kwamba haina mfano. Nyimbo za mapenzi ziache za mwisho, kwa sababu ndizo nyingi na ndizo zenye mafumbo yaliyofungwa zaidi, na sikio lisilozoea huzichanganya.

Kuhusu mafumbo, kamusi itakufikisha mahali ikuache. Msaada wa kweli uko kwa wazee wa Ng'ambo, wa Miembeni, Kikwajuni au Mwembetanga, lakini kuna adabu ya kuwaendea. Siti alifariki Julai 1950, kwa hiyo anayemkumbuka kwa macho yake sasa amepindukia miaka themanini. Wengi watakaokusaidia walizipata nyimbo hizi kwa mama na bibi zao. Mwamkie bibi kwa shikamoo, uketi, mzungumze mengine kwanza, na simu usiiweke mbele yake mpaka umemweleza unakusudia nini. Usimwulize, "Bibi, unamjua Siti?" kwani jibu litakuwa ndiyo na mazungumzo yatakwisha. Mwekee beti mbili, usimamishe, kisha useme, "Bibi, hapa naona pana fumbo, naomba unifahamishe." Akicheka kabla ya kujibu, ujue umefika pazuri. Akisema kwamba hakumbuki, ilhali macho yake yanakumbuka, usimsukume. Baadhi ya nyimbo hizi ziliwasema watu waliokuwa na majina na majumba, na vitukuu vyao ni majirani zake. Utakayoambiwa kwa siri yabakie hapohapo.

Kulinganisha na waliomfuata kuna manufaa makubwa, ila kufanyike baadaye, sikio likishamzoea yeye. Sikiliza "Muhogo wa Jang'ombe" kwa Bi Kidude, aliyeimba nyimbo nyingi za Siti hadi uzeeni na kufariki Aprili 2013, uone jinsi alivyoivunja lahani kwa makusudi, akaitia ukali wa ngoma za unyago na kuimba kama anayegombana na ala. Kisha sikiliza albamu aliyoitoa Siti Muharam mwaka 2020, yeye akiwa kitukuu cha Siti binti Saad, ambamo nyimbo zimepewa nafasi pana na vyombo vingi zaidi. Kila mmoja amechukua kitu: Bi Kidude ujasiri, Siti Muharam upole. Ukizirudia santuri za Bombay baada ya hao wawili, utasikia kwamba vyote viwili vilikuwamo tangu awali, vimebanwa katika dakika tatu.

Mwisho, kama nyumbani kwenu bado mna santuri hizi, zile nyeusi nzito zenye picha ya mbwa aliyekaa mbele ya gramafoni, msizipige kwa sindano ya santuri za kisasa, ambayo ni nyembamba mno kwa mifereji yake, wala msizisafishe kwa spiriti, kwani huyeyusha lakiri. Kitambaa laini na maji safi yenye tone la sabuni vinatosha, mradi karatasi ya katikati isilowe. Zisimamishwe wima, mahali pasipo unyevu, zisilaliane. Na kabla ya kumkabidhi mfanyabiashara wa vitu vya kale yeyote anayepita mitaani, pigeni picha ya karatasi ya katikati pande zote mbili, na muandike namba iliyochapwa hapo pamoja na ile iliyochongwa katika santuri yenyewe pembeni ya karatasi, kwa sababu namba hizo ndizo zitakazomwezesha mtafiti kujua wimbo ni upi na ulirekodiwa katika safari ipi, hata kama santuri yenyewe imekwisha kuvuka bahari.