SOMO: Kushuka na mto Mosel, Ujerumani, kwa Wohnmobil (gari lenye vitanda, jiko na choo ndani), mke na mume, kutoka Trier hadi Koblenz

Kila likizo ikikaribia nasumbuliwa inboksi kwa maswali yaleyale, kwa hiyo naandika mara moja. Safari yenyewe ni ya watu wawili wanaoendesha, wanaopika na wanaolala ndani ya gari moja. Someni mpaka mwisho ndipo muulize.

1. Leseni. Daraja B inatosha kwa gari ambalo uzito wake wa juu hauzidi kilo 3,500.

2. Uzito. Lita moja ya maji ni kilo moja. Tangi la lita 100, baiskeli mbili na vyakula vyenu vinafikisha kikomo upesi. Ondokeni na maji kiasi, mtajaza mkifika.

3. Njia. Shikeni barabara ya B53 hadi Alf, kisha B49 hadi Koblenz. Kwa kufuata mto ni karibu kilomita 190, na kwa mstari ulionyooka ni kama nusu yake, maana Mosel unajipinda kila mahali. Ndiyo raha yake, msikimbie. Trier kuna Porta Nigra, lango la Warumi. Bernkastel kuna kijumba cha mwaka 1416, chini chembamba, juu kimetanuka; simameni pembeni mkitazame vizuri. Bremm kuna mlima Calmont, mizabibu imepandwa kwenye mwinuko mkali hadi unajiuliza wavunaji wanasimamaje. Ngome ya Cochem ilibomolewa na jeshi la Ufaransa mwaka 1689, ikajengwa upya karne ya 19.

4. Miji ya kale. Gari libaki nje, ingieni kwa miguu.

5. Malazi. Tafuteni Stellplatz, uwanja wa kulaza Wohnmobil. Kuna vya manispaa na vya wakulima wa zabibu. Vingi anayewahi ndiye anayepata. Msimu wa mavuno, Septemba na Oktoba, fikeni mapema. Mkilala ukingoni mwa mto, fuatilieni taarifa za maji, kwa sababu Mosel hufurika na viwanja hivyo ndivyo huzama kwanza. Wekeni sarafu za euro, mashine nyingi za maji hazitaki kingine.

6. Choo. Hapa nisikilizeni kwa makini. Kaseti, yaani tangi dogo la uchafu wa choo, inachomolewa kwa mlango mdogo wa ubavuni na kumwagwa sehemu iliyoandikwa Entsorgung (mahali pa kumwaga uchafu) tu. Si kwenye mtaro wa mvua, si porini. Wakati wa kumwaga bonyezeni kitufe cha hewa, la sivyo uchafu unatoka kwa mishtuko na kuwarukia miguuni. Kituoni mara nyingi kuna bomba mbili: moja ya kusuuzia kaseti, nyingine ya maji ya kunywa. MSISUUZE kaseti kwa bomba la maji ya kunywa, na mpira wake wa maji usiguse mdomo wa kaseti hata kidogo. Anayefuata atajaza tangi la kupikia kwa mpira huohuo. Nimeshuhudia watu wakifanya hivyo na kuondoka bila wasiwasi, ndiyo maana mimi natembea na mpira wangu na kuyaacha maji yachuruzike kwanza kabla ya kujaza. Mmoja ashughulikie choo, mwingine maji safi, msibadilishane katikati ya kazi.

MASWALI

Swali (Nairobi): Tunaweza kulala popote tu njiani?
Jibu: Hapana. Usiku mmoja wa kumpumzisha dereva kwenye maegesho ya umma unaruhusiwa, kama hakuna kibao kinachokataza. Mkitoa viti na turubai, hiyo ni kambi.

Swali (Dar): Bei gani yote?
Jibu: Ndugu, gari gani, mwezi gani, siku ngapi? Kampuni za kukodisha zinaweka bei zao mtandaoni.

Swali (Hamburg): Kaka, mbona huendelei na mto Rhein, kule kwenye mwamba wa Loreley? Mume wangu ana usingizi mwepesi, nataka kujua kabla sijapanga.
Jibu: Dada, umeuliza la maana. Rhein ni pazuri sana, ila reli inapita kingo zote mbili na treni za mizigo hazilali. Mosel, kutoka mji wa Bullay kupanda kuelekea Trier, reli kuu inauacha mto, kwa hiyo kati ya Bernkastel na Zell shemeji atalala. Rhein nendeni mchana. Na kumbuka kati ya Mainz na Koblenz hakuna daraja hata moja, mnavuka kwa feri. Ulizeni kwanza kama inapokea gari la urefu wenu.

Swali (Muscat): Nina leseni ya Oman.
Jibu: Beba kibali cha kimataifa pamoja na leseni yenyewe, na umwulize mkodishaji kabla hujalipa.

Mchango (Köln): Niongeze: Jumapili maduka yamefungwa, nunueni Jumamosi. Na chupa za plastiki msitupe, nyingi zina senti 25 kila moja mkizirudisha dukani.

Swali (Hamburg): Asante kaka. Na samaki wa kukaanga humo ndani?
Jibu: Harufu inaingia kwenye magodoro na haitoki. Pikeni pilau, dirisha la paa likiwa wazi. Samaki subirini kambi inayoruhusu jiko la nje.

Swali (Mombasa): Choo kinamwagwa wapi?
Jibu: Namba 6.